Jina Mkononi mwa Senge Chemutai

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kinyaa kikubwa kuliko umri wangu. Maziwa yakiweka utando juu, sikuyanywa. Yai likiwa na kinyesi kwenye ganda, sikulila hata lichemshwe mara tatu. Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa nikiwa nimeshakunja pua. Lakini kitu kilichonitia kinyaa kuliko vyote kilikuwa mwili wa nyanya yangu, mama yake Baba. Tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wengi wanavyowaita nyanya zao, na mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja.

Masikio ya Kogo yalitobolewa na kuvutwa tangu usichana wake, mpaka ndewe zikawa kamba mbili za ngozi zilizogusa mabega. Akienda kuchuma chai alizikunja na kuzitundika juu ya masikio ili matawi yasizinase. Meno mawili ya chini hayakuwepo. Yaling'olewa kwa makusudi, kwa sababu enzi zake msichana mwenye meno yote alionekana kama punda. Na kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, alikuwa na makovu matano ya mviringo, yamepangwa mstari mmoja. Alijichoma mwenyewe kwa makaa, pamoja na wasichana wa rika lake, wakishindana nani hatatikisa hata kope. Akigeuka usingizini, makovu yale yalinigusa shingoni. Yalikuwa laini kuliko ngozi ya kawaida, tena ya baridi, kama tumbo la chura. Nilijibana ukutani, nikausogeza mkono wake kwa ncha ya kidole kimoja.

Baba naye hakuyapenda makovu yale. Nadhani kinyaa changu nilikirithi kwake pamoja na paji la uso. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa hata siku ya matope, na huku kwetu juu ya Kiptere matope hayana likizo. Miaka hiyo ya tisini wanawake wengi wa umri wa Kogo walikuwa wameshakwenda hospitali kushonwa masikio. Walirudi na masikio mafupi yenye mafundo madogo pembeni, wakakaa benchi za mbele kanisani. Baba alimsihi Kogo naye aende.

"Nikifika kwa Mungu na masikio mafupi," Kogo alimjibu, "atanijuaje kama ni mimi?"

Kanisani Kogo alikaa nyuma, karibu na mlango. Na akina nyanya wengine wa kijijini walipotubariki kwa desturi ya zamani, wakitutemea mate kidogo kichwani au kiganjani, Baba alitoa kitambaa mfukoni na kutupangusa hapohapo, mbele yao. Sikumwonea aibu. Nilimshukuru.

Katika boma lile lote kulikuwa na mtu mmoja tu mzima ambaye hakunitia kinyaa, naye alikuwa shangazi yangu Chemutai. Kwetu dada ya baba huitwa senge. Senge Chemutai alikuwa kitindamimba wa Kogo, alizaliwa Baba akiwa tayari kijana wa ndevu. Babu alipofariki, Baba ndiye aliyemlea na kumlipia shule. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu, nami nina tisa. Alilala kitanda cha pili katika nyumba ya Kogo. Alinukia sabuni ya kipande na majani mabichi ya chai. Ngozi yake haikuwa na alama hata moja, hata ya upele. Nilipenda kukaa katikati ya magoti yake anisuke nywele, nikisikia pumzi yake kwenye utosi, na nikiwa nimekaa pale nilijiambia kwamba nikikua nitakuwa hivi, si vile.

Likizo ya Agosti mwaka huo Senge hakuvua sweta. Kulikuwa na baridi, kweli, lakini hata jua lilipotoka tukiwa tunachuma chai, alichuma na sweta, jasho likimtiririka puani. Siku moja tulishuka kijitoni kufua. Aliweka blanketi jiweni, akaanza kulikanyaga, kisha akainama kulisugua, na maji yalipomfika viwikoni alisahau, akaipandisha mikono ya sweta.

Ndani ya mkono wa kulia, kutoka karibu na kiwiko kushuka chini, kulikuwa na herufi. Zilikuwa za rangi ya wino uliochanganyika na majivu, hazikulingana urefu, na ngozi iliyozizunguka ilikuwa imevimba. Herufi ya pili ilikuwa na kigaga, na kando ya kigaga usaha mwembamba wa manjano uling'aa juani.

"Senge, ni nini hicho?"

Aliushusha mkono wa sweta haraka, ukalowa. "Ni jina."

"La nani?"

"Si uko darasa la tatu? Soma."

Akaupandisha tena, safari hii taratibu, kwa fahari kidogo. Nikasoma. OTIENO.

Otieno nilimjua. Alikuwa mtoto wa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, watu wa kabila jingine waliotoka upande wa ziwa, wakaishi katika nyumba za wafanyakazi ng'ambo ya kijito. Alisoma shule moja na Senge na aliimba sauti ya nne katika kwaya ya vijana. Nilimpenda kiasi, kwa sababu kucha zake zilikuwa safi.

"Umejichoraje?"

"Sindano. Na masizi, kwa mkono wa kushoto." Alitabasamu. "Na yeye ana langu. Usimwambie mtu, Chela. Sikia? Hata Kogo."

Nikaapa. Lakini macho yangu hayakutoka kwenye ule usaha, na njia nzima ya kurudi nyumbani, nikiwa nimebeba beseni kichwani, nilikuwa nameza mate machungu.

Nataka nieleze vizuri jinsi nilivyoisema siri ile, kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia nilisema bila kukusudia, na huo si ukweli wote. Jioni ya siku ileile Senge ndiye aliyesonga ugali. Tulikaa jikoni sote, Baba, Mama, Kogo na mimi. Niliutazama mkono wake ukizungusha mwiko, mvuke ukipanda ndani ya sweta, nikaona kichwani ule usaha ukiyeyuka na kudondoka sufuriani. Aliponipa tonge langu nililisukuma.

"Kula," Mama akasema.

"Sitaki. Mkono wa Senge una usaha."

Ningeweza kusema tumbo linaniuma. Nilisema lile kwa sababu nilitaka wote wakione kinyaa nilichokiona, nisibaki nacho peke yangu.

Nyumbani tulizungumza Kikipsigis. Baba alihamia Kiswahili kwa mambo mawili tu, maombi na hasira.

"Vua hiyo sweta," alisema.

Senge alinitazama mimi kwanza. Kisha akavua. Baba aliusogeza ule mkono karibu na taa ya chemni, akasoma herufi mojamoja kwa sauti kama mtoto wa chekechea, na alipofika mwisho akarudia jina zima.

"Nauliza, hii ni jina ya nani kwa mkono ya dada yangu?"

Ilikuwa miaka michache tu baada ya zile fujo za makabila, na majina ya watu yalikuwa kama ua wa miiba, kila mtu alijua upande aliosimama. Baba alianza na maneno ya kanisani, kuhusu mwili usiochafuliwa. Lakini kadiri alivyoendelea maneno ya kanisani yalipungua, na yaliyobaki yalikuwa juu ya Otieno na watu wake, maneno ambayo sitayaandika. Hata nikiwa na miaka tisa nilielewa kwamba kama herufi zile zingekuwa za jina la Kikipsigis, hasira ingekuwa fupi.

Kogo aliuchukua ule mkono kutoka kwa Baba. Aliushika muda mrefu, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Nani alikushikia ulipokuwa unajichoma?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa peke yangu."

"Peke yako!" Kogo akasikitika. "Alama haifanywi na mtu mmoja. Sisi tulikuwa tisa, na tuliimba." Kisha akamgeukia Baba. Hakuwahi kumwita jina lake la ubatizo, alimwita Kipkorir. "Kipkorir, ni ujinga wa mtoto, lakini sasa imeshaingia. Iache. Alama ikifukuzwa kutoka kwenye ngozi haifi. Inahamia kwa aliyeifukuza."

"Mama, hayo ni mambo ya giza."

"Basi washa taa yako uione ikija."

Jumamosi iliyofuata Baba alikwenda Kiptere, kwenye duka lililokuwa likichaji betri za redio na televisheni, akarudi na chupa ndogo ya soda yenye maji makali ya betri, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Alingoja mpaka Kogo ashuke na majani ya chai kwenye kituo cha kununulia. Akamwita Senge jikoni, akamwita Mama amshike mabega. Mimi niliambiwa nikacheze. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikasimama mahali udongo wa ukuta ulipokuwa umebomoka.

Sitasimulia yote. Baba aliomba kwanza, na sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu zaidi sasa, ule upole. Alisema, "Itauma kidogo, halafu utakuwa safi." Alikuwa amechovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti. Mwanzoni Senge hakulia. Niliona vidole vyake vikijikunja na kujikunjua. Kisha ikaja harufu. Nimewahi kuunguza nywele, nimewahi kunusa kwato zikichomwa siku ya kuchinja. Haikuwa kama hizo. Ilikuwa na kitu kitamu ndani yake. Nilitapika ukutani, na kwa sababu nilikuwa natapika sikusikia vizuri alipoanza kupiga kelele.

Kogo aliporudi na kikapu kitupu alimkuta Senge amekaa uani, mkono umelazwa juu ya jani la mgomba. Alichemsha maji, akatia chumvi.

Hawakumpeleka hospitali. Hospitali wangeuliza. Baba alisema ngozi itajifunga kwa neema ya Mungu, na Mama, ambaye hakuwahi kumpinga Baba mbele yetu wala nyuma yetu, alisema tungoje kidogo. Tukangoja wiki mbili. Mkono ulivimba mpaka vidole vikafanana na ndizi mbivu. Rangi yake ilikuwa nyekundu, kisha zambarau, kisha rangi isiyo na jina. Nyumba ya Kogo ilijaa harufu hata ukisimama mlangoni, na nzi wa kijani, wale wakubwa wanaopenda mizoga, walitua ukutani wakingoja. Asubuhi moja nilimwona Kogo ameinama juu ya mkono ule na mwiba wa mchungwa. Alikuwa anatoa mabuu. Alitoa moja moja, akiyadondosha kwenye kipande cha kibuyu chenye majivu, huku akiimba kitu kwa sauti ya chini, na mdomo wake ulikuwa karibu na kidonda kama mtu anayepuliza moto.

Niliomba nihamie nyumba ya wazazi wangu. Nikaruhusiwa. Nilibeba blanketi langu nikapita mbele ya kitanda cha Senge nimeziba pua. Aliniona.

Kogo ndiye aliyemaliza kungoja. Alimfunga Senge mkono kwa kanga, akamshusha kilima kwa miguu hadi barabarani, akasimamisha gari la maziwa lililokuwa likielekea mjini. Masikio yake marefu hakuyatundika siku hiyo. Yalimpigapiga mabegani akitembea, na watu wa njiani walisimama kumtazama. Hakurudi nyumbani mpaka siku ya tatu.

Senge alikaa hospitali zaidi ya mwezi. Aliporudi, kifundo cha mkono kilikuwa kimejikunja kuelekea ndani na vidole vitatu havikunyooka tena. Madaktari walichukua ngozi ya paja kuziba kidonda, ikashika vibaya, ikawa na matuta ya rangi ya waridi kama nyama iliyosagwa. Na jina halikutoka lote. Herufi mbili za mwanzo zilibaki, karibu na kiwiko, zikisomeka vizuri kuliko zamani. Familia ya Otieno ilikuwa imeshahama kiwandani. Nilisikia walirudi kwao. Shuleni Senge hakurudi. Alisema hawezi kuandika haraka kwa mkono wa kushoto na hataki kutazamwa.

Wiki ya kwanza aliyorudi alinipa kikombe cha chai. Alikishika kwa ule mkono, kwa kidole gumba na kidole kimoja, akijifunza. Kilitetemeka.

"Weka chini," nikamwambia. "Nitachukua mwenyewe."

Akaweka chini. Tangu siku hiyo hakunipa tena kitu mkononi, wala hakunisuka. Hakunikasirikia, ilikuwa kama ameelewa kwamba ndiyo sheria.

Karibu na Krismasi Baba akaanza kujikuna. Mkono ni uleule, wa kulia, na mahali ni palepale, ndani, chini ya kiwiko. Kwanza ulikuwa wekundu wa kawaida, akalaumu dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kisha ukaanza kutoa majimaji. Kisha kingo zikawa nyeusi na katikati pakawa pabichi, kama papai lililodonolewa na ndege. Alipaka mafuta ya dukani. Alikwenda kliniki mjini, akapewa dawa ya tyubu, kidonda kikakauka siku nne, kikarudi kipana zaidi. Aliombewa, wazee wanne wakiwa wameweka mikono juu yake. Niliona mmoja ameiweka yake hewani, haikugusa.

Baba akaacha kukunja mikono ya shati. Hata mchana wa Januari, jua likiwa utosini, alifunga kifungo cha mwisho. Majimaji yalipenya kitambaa na kuacha duara la manjano, na Mama alifua shati lile peke yake, kando. Kwenye kituo cha majani wanawake walishusha sauti nilipokaribia, lakini sikuhitaji kusikia zaidi ya neno moja. "Imehama." Sijui nani alikuwa ameyatoa nje maneno ya Kogo. Huenda ni mimi.

Jumapili ya Meza ya Bwana, Baba alipita na sinia ya mkate kama kawaida yake. Alipofika benchi letu, mama mmoja aliyekaa mwishoni alimvuta mtoto wake, wakahama upande wa pili wa kanisa, kwa mzee mwingine. Baba alisimama na sinia. Niliona anautazama mkate, kisha mkono wake, na usoni mwake nikaona kitu ninachokijua vizuri kuliko mtu yeyote. Alikuwa anajionea kinyaa. Baada ya hapo alikula kwa kijiko chake mwenyewe, na sahani yake haikuchanganywa na zetu.

Siku moja ya Februari, adhuhuri, mvua ikinyesha, alikuja jikoni kwa Kogo. Nilikuwepo, naota moto. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Mama," akasema, "nifanyeje?"

Kogo alikuwa anatikisa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyogandishwa kwa masizi. Hakuacha kutikisa. "Unaniulizia nini mimi? Si mimi niliyechomwa."

"Unataka aje anitemee mate."

"Mimi sitaki kitu. Wewe ndiye unayeoza."

Baba alikaa juu ya kigoda. Sijui alipigana na nani ndani yake, lakini alipigana muda mrefu, kisha akaniambia, kwa Kiswahili, kwa sauti ya maombi, "Chela, enda uite senge yako."

Senge alikuja kutoka kwenye chai, gunia la nailoni limefungwa kiunoni, miguu imejaa matope. Kogo alimweleza kwa maneno machache. Kwetu baraka si maneno tu. Inatoka mdomoni ikiwa na maji yake, ya mate au ya maziwa, na aliyeumizwa ndiye mwenye uwezo wa kumfungua aliyemuumiza. Senge alisikiliza bila kubadilisha uso.

Baba akafungua kifungo, akakunja shati. Nilikuwa sijakiona kidonda chake wazi tangu mwaka mpya. Kilikuwa kimeenea karibu nusu ya mkono, kinametameta, na kilikuwa na harufu ileile tamu. Nilishika mdomo.

"Nibariki, Chemutai," akasema.

"Sema kwanza ulichofanya," Kogo akamwambia.

Baba alitazama moto. "Nilikuwa nakuokoa," akasema.

Senge alichukua kibuyu kwa mkono wake mzima, akakiinua, akajaza mdomo. Mashavu yalivimba. Aliinama juu ya kidonda cha kaka yake, karibu kabisa, mpaka nikaona pumzi ya pua yake ikitikisa nywele za mkono wa Baba. Baba alifumba macho. Kogo, aliyekuwa ameanza kutikisa kibuyu cha pili, aliacha. Senge alikaa vile, ameinama, kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima.

Kisha nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alimeza.

Alijipangusa mdomo kwa mgongo wa ule mkono uliokunjika. "Maziwa yamekolea," alisema. "Asante, Mama." Akafunga gunia lake vizuri kiunoni, akarudi mvuani, kwenye chai.

Kogo hakumkemea. Baba alibaki na mkono wake umenyooshwa, kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji, mpaka Kogo mwenyewe alipolikunjua shati lake na kumfungia kifungo.

Kidonda kile hakikumwua Baba. Kilikauka na kurudi, kikakauka na kurudi, zaidi ya miaka ishirini, na alizikwa na shati la mikono mirefu kwa ombi lake mwenyewe. Mimi sasa ni mwalimu, na nimewahi kumsimulia daktari mmoja kisa hiki, bila kutaja majina. Alisema huenda matone yalimrukia Baba siku ile, ngozi ikaharibika, kisha kujikuna na mawazo vikamaliza kazi. Nadhani yuko sahihi. Siku ile nyuma ya jiko sikuona, nilikuwa natapika. Lakini najua pia kwamba Baba mwenyewe hakuamini habari ya matone. Alikufa akijua ni jina.

Senge alikwenda Siongiroi kwa jamaa wa Kogo mwaka uleule, na huko ndiko aliko hadi leo. Anauza nguo za mitumba siku ya soko, karibu na uwanja wa ng'ombe. Ana watoto wawili wakubwa. Anakuja kwetu mara moja kwa mwaka, anazungumza na kila mtu, na Baba alipokuwa hai alizungumza naye pia, habari za mvua na bei ya majani.

Desemba iliyopita binti yangu, aliye chuoni, alifika nyumbani na tatoo. Waridi jekundu lenye majani, kutoka kiwikoni hadi karibu na kiganja. Lilikuwa jipya, linang'aa kwa mafuta, na kando ya jani moja kulikuwa na kigaga. Tumbo langu liligeuka kama nina miaka tisa. Nilimwambia avae kitu cha mikono mirefu, wageni wanakuja.

"Mum, ni tatoo tu. Hata lecturer wetu anayo."

"Nenda uvae."

Hakwenda. Senge alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kochi, na alikuwa ameshamwita. Alimketisha karibu, akauchukua mkono wenye waridi akauweka pajani mwake, akauangalia kwa makini kama anavyokagua mshono wa nguo kabla ya kuiuza.

"Iliuma?" akamuuliza.

"Kidogo, shosho," akajibu, kama vijana wa siku hizi wanavyowaita nyanya zao.

"Kidogo tu? Haya. Ni ua zuri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani za pilau. Karibu miaka thelathini, na katika boma letu hakuna aliyewahi kumuuliza Senge swali lile. Tulimuuliza kwa nini, na nani, na lini. Mimi nilimwambia aweke kikombe chini.

Baadaye tulipokuwa tunaosha vyombo, yeye akisuuza na mimi nikipanga, nilimuuliza. "Senge, yako iliuma?"

"Ya sindano?" akasema. "Ya sindano haikuuma hata kidogo. Nilikuwa na furaha sana."

Akaendelea kusuuza.

Sitadanganya kwamba nimepona. Wino kwenye ngozi ya mtu bado unanitia kinyaa, na ngozi ya mkono wa Senge, ile yenye matuta, bado inanifanya nitazame pembeni kabla sijajilazimisha kuitazama. Nadhani nitakufa nikiwa hivyo, maana tumbo halifundishwi kama kichwa. Binti yangu analijua hilo na ananicheka. Jambo moja tu ndilo nimejifunza, na nimejifunza kwa kuchelewa: tumbo langu likigeuka, nanyamaza kwanza. Nilisema mara moja, nikiwa na miaka tisa, mbele ya watu walionisikia. Inatosha.